Mjamzito Asisubiri Ruhusa

Taifa letu la Tanzania limepiga hatua kubwa katika kuwanusuru akina mama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na la kuwashukuru wakunga wetu. Hata hivyo, misiba iliyobaki ni mingi mno, na baadhi yake huanzia sebuleni kwetu kabla mgonjwa hajafika mlango wa hospitali. Leo ndugu wasomaji naomba tuzungumze habari za hapo sebuleni.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama huponzwa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Huo wa pili na wa tatu tunaidai serikali, na tuna haki ya kuidai. Wa kwanza ni wetu wenyewe. Mama anaumwa saa tatu usiku. Mume yuko safarini na simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema tumsubiri mwenyewe arudi. Wifi anasema tungoje kupambazuke. Hakuna hata mmoja anayemtakia mabaya, wote wanampenda, lakini saa zinakwenda.

Chukueni mfano wa kifafa cha mimba, maana ndicho kinachotudanganya zaidi. Kwa kawaida huanza na presha kupanda baada ya wiki ya 20, kufikia 140 kwa 90 au zaidi, na mama anaweza asihisi chochote. Ndiyo sababu hakuna hudhurio la kliniki la kukosa, na hakuna hudhurio la kutoka bila kupimwa presha na mkojo. Kisha kichwa kinaanza kumgonga, anameza panadoli, hakitulii. Macho yanaona ukungu au vimulimuli. Chembe ya moyo inauma, naye anadhani ni kiungulia. Uso unajaa, vidole vinavimba hata pete haivuki, na majirani wanampongeza kwamba mimba imemkubali. Miguu kuvimba jioni huwapata wajawazito wengi. Uso na mikono ni habari nyingine. Mama wa namna hii aende hospitali saa hiyo hiyo.

Akishaanguka degedege, msimpeleke kwa mganga, wala msiseme amepandwa na mashetani. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mtafute gari. Hospitalini ipo dawa ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulithibitisha kuwa hupunguza hatari ya degedege hiyo kwa zaidi ya nusu. Dawa hiyo haiwezi kumfuata mama kitandani kwake.

Damu nayo haina mjadala. Ikitoka wakati wa ujauzito, iwe matone, iwe imekatika yenyewe, mama aende akapimwe. Wengi hutulizwa na kutokuwepo kwa maumivu. Kumbe kondo la nyuma likiwa limekaa njiani kwa mtoto, damu hutoka bila kuuma, na mara ya pili yaweza kumwagika isizuilike. Katika hali hiyo asikubali mtu yeyote ampime njia kwa vidole nyumbani.

Mtoto aliyekuwa akicheza tumboni akipunguza kucheza au akatulia kabisa, mama asilale nalo. Vivyo hivyo chupa ikivunjika kabla ya siku zake, homa ikipanda, pumzi ikimbana, au tumbo likiuma lisiachie. Na akifika, amweleze muuguzi kila kitu, hata lile la aibu, kwani mficha uchi hazai.

Sasa basi, uamuzi huu ufanywe mapema, watu wakiwa wazima na akili zimetulia. Mume anayesafiri aache nauli mkononi mwa mkewe mwenyewe, na aseme mbele ya mama yake mzazi kwamba mke akiona dalili aondoke, yeye ataarifiwa baadaye. Dereva wa bajaji au bodaboda ajulikane na namba yake iwekwe. Hapa nchini kuna namba ya m-mama, 115, isiyotozwa malipo, iliyowekwa kwa ajili ya kumsafirisha mama mwenye dharura. Iandikwe ukutani ili hata mtoto mkubwa wa nyumba aweze kuipiga. Ndugu wawili walio tayari kutoa damu waambiwe sasa, wasije kutafutwa usiku ule.

Na mama akishajifungua, msidhani hatari imekwisha. Damu nyingi baada ya kujifungua yaweza kuua ndani ya saa mbili. Homa na uchafu wenye harufu ni dalili za maambukizi. Hata kifafa cha mimba huweza kumpata siku kadhaa baadaye, wakati wageni wamejaa nyumbani, kila mmoja anataka kumpakata mtoto na hakuna anayemuuliza mzazi kama kichwa kinamuuma. Mmoja wenu apewe kazi hiyo ya kumuuliza, asubuhi na jioni.