Mguu Uliofungwa na Fidia ya Mara Moja



Mwenzetu mmoja wa shamba la chai aliangukiwa na trela ya trekta, kifundo cha mguu kikasagika. Mwaka uliofuata, kwa kuwa maumivu yalimnyima usingizi, alipasuliwa ili mifupa iunganishwe: gegedu iliyoharibika ilikwanguliwa, mifupa ikakazwa kwa skrubu mpaka ikashikana ikawa mmoja. Alikuwa na miaka 47. Maumivu yale yalikwisha, naye alishukuru, na sisi pia.

Upasuaji huo hatuupingi. Vijana kwa wazee, wengi hupata nafuu kubwa na kutembea vizuri mahali pa tambarare. Tunachopinga ni ile karatasi ya mwajiri iliyoandikwa "amepona" siku plasta ilipotolewa.

Kiungo kilichofungwa hakikunjiki tena. Kazi yake huchukuliwa na viungo vidogo vya jirani, navyo mzigo huo huvichosha. Mwaka 2001 madaktari wa Iowa, Marekani, walitoa habari za watu 23 waliounganishwa kifundo, ambao waliwapima baada ya miaka 22 kwa wastani. Wengi walikuwa na viungo vilivyolika katika mguu ule ule. Basi anayepasuliwa akiwa na nguvu, deni lake humfikia uzeeni.

Mwenzetu sasa ana miaka 58 na bado anachuma chai mteremkoni, mahali ambapo mtu hawezi kwenda bila kukunja kifundo. Nyapara anasema ni mvivu. Tungependa nyapara huyo afungwe vibao mguuni siku moja tu, abebe kikapu chake apande.

Hapa Uganda sheria huhesabu ulemavu kamili wa kudumu kwa mishahara ya miezi 60. Kwa jirani zetu Kenya ni miezi 96. Ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia. Asilimia hiyo huandikwa mfanyakazi akiwa bado na furaha ya kuvua plasta, na fedha huliwa kabla maumivu mapya hayajaanza.

Kwa hiyo matawi yetu yasikubali mtu atie sahihi wala dole gumba kabla daktari hajaandika hali ya viungo vya jirani na matazamio ya baadaye. Mshahara usikatwe wakati wa kupona, maana mfupa huchukua kama miezi mitatu, pengine zaidi, na wiki nyingi za mwanzo mguu haukanyagi chini kabisa. (Wavuta sigara, sikieni: tumbaku huzuia mfupa kushikana.) Akirudi, apewe kazi ya kupima majani au ya stoo, na viatu vyenye soli iliyobinuka mbele, vinavyosaidia mguu usiokunjika kusonga.

Mwenzetu hakuambiwa hata neno moja kati ya haya. Mwezi huu ameanza tena kwenda hospitali, kwa nauli yake mwenyewe.