Guangzhou: tusife njaa, wala tusipotee katika anasa



Safu yetu ya afya na usafi leo inakwenda mbali kidogo, mpaka China, katika jiji la Guangzhou. Ndugu zetu wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa jiji hilo liko wapi. Nguo, viatu, taa na vyombo vya ndani tunavyonunua kila siku, vingi vimepita huko. Maonyesho makubwa ya bidhaa ya Guangzhou yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ililikuta jiji hilo na wakazi zaidi ya milioni 18.

Sitaki kuzungumzia biashara. Nataka tuzungumze mambo mawili ambayo msafiri hafundishwi kabla ya kuondoka: atakula nini, na usiku atafanya nini. Nimeyaona kwa macho yangu, na nusura yatutie msibani.

Nilisafiri na shemeji yangu, mtu mzima, mwenye ugonjwa wa kisukari na anayetumia vidonge. Ni mcha Mungu na mwangalifu sana. Alikuwa ameambiwa nyumbani kwamba China kila kitu kina nguruwe, basi akaazimia kutogusa chakula chochote cha mji. Alibeba biskuti na pakiti za tambi za kuchemsha. Siku ya tatu biskuti zikaisha. Asubuhi akameza vidonge vyake kama kawaida, tukaingia sokoni, na kila duka tulilokaa kujadili bei tukakirimiwa chai. Chai ya Wachina, ndugu msomaji, haina sukari hata punje. Ilipofika saa saba mchana shemeji alianza kutoka jasho jembamba, mikono ikatetemeka, akawa anazungumza maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka chini. Muuza duka, binti wa Kichina, ndiye aliyekimbia kuleta soda ya sukari. Fahamu hazikuwa zimempotea kabisa, akaweza kunywa kidogo kidogo. Alhamdulillah, baada ya muda akarejea hali yake.

Lililoniuma ni hili. Tulipotoka nje kumtafutia chakula, hatua kama hamsini tu kutoka pale tulikuta mgahawa wa Waislamu wa Kichina. Ndani kuna supu ya nyama ya ng'ombe na tambi zinazovutwa kwa mikono mbele ya macho yako. Siku tatu tulipita mlangoni kwake bila kujua! Je, angefariki mtu yule, tungesema amekufa kwa ajili ya dini? La hasha. Angekuwa amekufa kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Makundi mawili ya wasafiri

Kwa uchunguzi wangu, wasafiri wetu wamegawanyika makundi mawili. La kwanza ni hili la shemeji yangu: hofu bila elimu. Hawa hushinda na njaa, au huishi wiki mbili kwa soda, biskuti na tambi za pakiti zenye chumvi nyingi, kisha hurudi nyumbani shinikizo la damu limepanda na sukari haishikiki.

La pili ni la wale wanaosema, "safarini kuna ruhusa". Ruhusa ya msafiri wameinyoosha mpaka imefika baa. Hoja yao kubwa ni dharura. Lakini dharura katika dini yetu ina mipaka: ni kwa anayehofia maisha yake, na kwa kiasi cha kumwokoa tu. Katika jiji lenye migahawa ya halali, mtu anayekula nguruwe kwa kuona uvivu wa kutembea dakika kumi hana dharura.

Makundi yote mawili yanaugua maradhi mamoja, nayo ni kutokujua. Na dawa yake ni nyepesi.

Jifunze maneno mawili

Kichina cha halali ni qingzhen, maana yake "safi na kweli". Huandikwa kwa alama mbili: 清真. Mwombe mwenyeji au wakala wako akuandikie kwenye karatasi au simu, uitazame mpaka uizoee. Usitegemee kuona maandishi ya Kiarabu peke yake. Mwaka 2019 katika baadhi ya miji, Beijing ukiwemo, wenye migahawa waliagizwa kuyaondoa kwenye mabango yao.

Uislamu si mgeni Guangzhou. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mviringo wa kale, ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China. Wenyeji hupokezana kwamba ulianzishwa na Sahaba Sa'd ibn Abi Waqqas, na kuna kaburi linalonasibishwa naye katika jiji hilo, ingawa wanahistoria wanalitilia shaka simulizi hilo. Kabila la Wahui peke yake, Waislamu wa Kichina, lina watu zaidi ya milioni 10 nchini humo. Mitaa ya Xiaobei, wanakofikia Waafrika na Waarabu wengi, haina uhaba wa chakula cha halali. Ukipotea, nenda msikitini siku ya Ijumaa, uliza.

Nje ya migahawa hiyo, jihadhari na vile vinavyoonekana havina tatizo. Watu wa Guangzhou ni mabingwa wa chai ya asubuhi. Familia nzima, babu mpaka mjukuu, hukaa saa mbili au tatu mezani, wakinywa chai na kula maandazi madogo ya kupika kwa mvuke. Ni mila nzuri ya kuunganisha jamaa. Lakini andazi la kamba aghalabu huchanganywa na mafuta ya nguruwe ili lilainike, keki ya figili hutiwa soseji ya nguruwe, na mboga za majani zaweza kukaangwa kwa mafuta hayo hayo. Kusema "sili nyama" hakutoshi.

Vyakula ambavyo hata daktari anavikataza

Yapo pia ya kuepuka kwa ajili ya afya tu. Katika jimbo la Guangdong, hasa upande wa Shunde, watu hupenda samaki wabichi wa maji baridi waliokatwa vipande vyembamba. Samaki hao huweza kubeba minyoo ya ini. Minyoo hiyo hukaa kwenye mirija ya nyongo kwa miaka mingi, na mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliithibitisha kuwa chanzo cha saratani ya mirija hiyo. Kuchovya samaki kwenye siki au pilipili hakuui minyoo; moto ndio unaoua. Samaki wa chumvi wa Kichina, wale wa kimila, nao wamo katika orodha hiyo, wakihusishwa na saratani ya nyuma ya pua, maradhi yanayojulikana sana katika jimbo hilo.

Tusisahau pia wanyama pori. Ugonjwa wa SARS ulianzia Guangdong mwishoni mwa mwaka 2002 na kuua watu zaidi ya 700 duniani, na uchunguzi ulielekezwa kwa ngawa waliokuwa wakiuzwa hai sokoni. Mwezi Februari 2020, baada ya kuzuka UVIKO-19, China ilipiga marufuku ulaji wa wanyama pori wa nchi kavu. Mtu akikunong'oneza kuwa ana supu ya namna hiyo, ondoka.

Mazuri yao tuyachukue

Uadilifu unatutaka tuseme na mema. Mtu wa Guangzhou akikaa mezani, kitu cha kwanza ni kumimina chai ya moto kwenye bakuli na kusuuza kikombe, kijiko na vijiti vyake, kisha ile chai ya kusuuzia humwagwa katika bakuli kubwa. Suuzo hilo haliui vijidudu vyote, lakini linaonyesha mtu anayejali kinachoingia kinywani. Sisi, tulioamrishwa usafi, mara ngapi tunapokea kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu mwingine tukanyamaza?

Pili, maji. Wenyeji hawanywi maji ya bomba bila kuyachemsha. Mzee na kijana hutembea na chupa ya maji ya moto. Karibu kila chumba cha hoteli kina birika la umeme, litumie.

Tatu, mezani kwao vyombo vya mboga ni vya pamoja, na kwa muda mrefu kila mtu alichota kwa vijiti vilivyotoka mdomoni mwake. Baada ya SARS, na zaidi baada ya mwaka 2020, serikali na madaktari wao wamehimiza vijiti vya kupakulia tu, kwa sababu maradhi kama bakteria wa vidonda vya tumbo huambukizwa kwa njia ya mdomo. Nasi tunakula sinia moja, na ni sunna yenye baraka. Basi tunawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, na kila mmoja ale mbele yake kama tulivyofundishwa.

Usiku unapoingia

Guangzhou hailali. Mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600, huwaka rangi zote, boti za kutembeza watu hupita Mto wa Lulu, na mitaani huanza mlo wa usiku wa manane. Hapo ndipo mfanyabiashara aliye peke yake, mbali na mkewe na majirani, hupewa mtihani.

Mtihani wa kwanza ni karamu ya mwenye kiwanda. Pombe yao kali ya nafaka huwa na kileo cha asilimia 40 hadi 60, na desturi ni kumaliza kikombe kwa mkupuo. Ndugu zetu wengine hunywa wakiogopa kupoteza oda. Kwa nini? Mwambie mapema, kabla hamjaketi, kuwa wewe ni Mwislamu. Wachina wanawajua Wahui, wanaelewa. Inua kikombe cha chai, mtakie heri. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara. Wachina wenyewe, takriban mmoja kati ya watatu, nyuso huwaiva wekundu wakinywa, kwa kuwa miili yao haiwezi kuiondoa sumu ya kileo vizuri, na hao wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya koo la chakula.

Mtihani wa pili ni shisha, ambayo wengi wetu tunaidhania ni tunda tu. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, saa moja ya shisha huweza kumwingiza mvutaji moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Na ule mpira mmoja hupita midomo mingapi?

Mtihani wa tatu ni nyumba za kukandwa miguu na kumbi za karaoke. Zipo za heshima, na zipo ambazo kukanda ni mlango tu wa zinaa, na nyuma yake kuna UKIMWI, kaswende na homa ya ini. Mwanamume aliyepitia huko hajidhuru peke yake, maana huubeba ugonjwa mpaka kitandani kwa mke asiye na kosa. Hata penye heshima, mwenye kisukari asikubali kukwanguliwa sugu kwa kisu. Kidonda kidogo cha mguu kwake chaweza kuishia kukatwa mguu.

Je, basi msafiri ajifungie chumbani? Hapana. Bustani ya Yuexiu iko jirani na Xiaobei. Alfajiri utakuta wazee wa miaka 70 wakinyoosha viungo polepole, na jioni akina mama hukusanyika viwanjani kufanya mazoezi. Tembea kando ya mto baada ya Isha, pigia simu watoto, lala mapema. Huko ndiko kustarehe kusikogharimu dini wala dola.

Wito wangu

Tunampa msafiri dua, na tunafanya vema. Lakini pamoja na dua tumpe elimu. Misikiti yetu yenye wafanyabiashara wengi inaweza kutenga darasa moja kabla ya kila msimu wa maonyesho. Waliotangulia waje na alama ya qingzhen, majina ya mitaa yenye chakula cha halali, na onyo juu ya usiku. Mwenye kisukari aonane na daktari wake, abebe tende na sukari mfukoni, na asimeze vidonge vyake bila kuwa na hakika ya chakula. Akiona jasho na kutetemeka, anywe nusu glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya sukari mara moja.

Shemeji yangu amekwenda tena Guangzhou mara mbili tangu siku ile. Alirudi mzima, sukari yake iko sawa, na sasa ndiye anayetusimulia habari za supu ya tambi. Mwili huu ni amana, na tutaulizwa. Allah atuafikishe kuutunza, nyumbani na ugenini.

Wabillahi tawfiiq.