MTOTO AANDIKWE, NA MAREHEMU PIA



Siku hizi sisi wa kalasi ya 4 humanite tulijaza fishi za Exetat. Fishi inauliza mambo madogo: jina, jina la pili, prenomu, pahali pa kuzaliwa, tarehe. Tulifikiri ni kazi ya saa moja, kisha twende kucheza mpira. Ilichukua siku tatu. Mwenzetu mmoja jina lake limeandikwa namna tatu, ingine kwenye fishi ya chanjo, ingine kwenye cheti cha primeri, ingine kwenye karatasi za shule, na hakuna aliyejua lipi ni la kweli. Mwingine, mama yake anasema alimzaa Kalundu, papa yake anasema hapana, ilikuwa kambini Nyarugusu, Tanzania, mbele ya kurudi. Na wote wawili walikuwako! Wa tatu aliulizwa tarehe, akanyamaza. Akaenda kuuliza nyumbani. Mama mzee akamjibu: «We ulizaliwa siku ile ndagala zilikuwa mingi, mvua ilitoka kuanza.» Tulicheka sana. Lakini fishi haina nafasi ya kuandika ndagala. Ikaandikwa 15 Juni, na kila mtu wa Uvira anajua kwamba mvua ya kwanza haianzi mwezi wa sita. Basi ndugu yetu atakuwa mtu wa 15 Juni mpaka kufa.

Wenye akti ya kuzaliwa mkononi walikuwa wachache, na sisi tunaoandika haya hatukuwa kati yao. Tena hatuna karatasi ingine. Katika inchi yetu karte ya uchaguzi ndiyo iliyofanya kazi ya kitambulisho miaka mingi, na CENI ilipoandikisha watu huku kwetu mwanzoni mwa 2023, sisi tulikuwa bado watoto. Mtu akitusimamisha leo kwenye barieri, kitu tulicho nacho ni karte ya mwanafunzi, nayo iliandikwa kwa kufuata maneno ya midomo yetu wenyewe.

Sheria iko. Kodi ya Familia ya 1987 ilisema mtoto aandikwe mbele ya siku 30 kuisha. Mwaka 2016 waliibadilisha, sasa ni siku 90. Katika siku hizo mzazi hatakiwi kulipa. Anakwenda kwenye biro ya état civil, komini ao sheferi, na karatasi ya maternite, jina linaandikwa katika kitabu, anapewa akti. Siku 90 zikipita, mlango ule umefungwa. Sherti kwenda tribinali kuomba hukumu ya kuziba pahali pa akti, na huko kuna gharama, na safari, na «rudi kesho».

Je, watu wanakwenda? Uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo nzima watoto wa chini ya miaka 5 walioandikwa walikuwa 25 kwa 100, na wenye akti yenyewe 14 kwa 100. Ule wa 2017-2018 ulipata 40 kwa 100. Imepanda, tunashukuru. Lakini hata hapo watoto 60 katika 100 walikuwa hawako katika kitabu cha serikali.

Tuliwauliza wazazi wetu sababu. Wengi hawakuelewa swali. «Lakini niliandikisha, si ulizaliwa hospitali?» Wanafikiri karatasi ya maternite, ao fishi ya chanjo, ndiyo akti. Kumbe ile ni barua tu ya kupeleka biro, na wao waliiweka ndani ya valizi mpaka panya wakaila. Wengine walikuwa mbioni. Mu 1996 walikimbia, na nyuma yake tena na tena. Hata Februari 2025 maelfu kwa maelfu walivuka Ruzizi kwenda Burundi, na wanawake wenye mimba walikuwa kati yao. Mtu wa Bijombo anashuka mlima mzima kutafuta biro. Na wazee bado wanakumbuka kwamba wakati wa Wabeleji, aliyekuja na kitabu cha kuandika majina alirudi nyuma ya muda kuomba kodi. Papa wa mwenzetu mmoja alisema wazi kwamba alifika biro fulani, akaombwa «ya kalamu», akarudi nyumbani. Hatutaji biro gani. Yenye kufanya hivyo inajijua.

Haya ya kuzaliwa yanasemwa mara nyingi, hata kwenye redio. Lakini tulishika kalamu zaidi kwa ajili ya kitu kingine, ambacho hatujasikia mtu akikisemea: kitabu cha waliokufa.

Mtoto asiyeandikwa ana sauti. Siku moja atataka diplome, ao pasipoti, na hapo atalia mpaka wamsikie. Marehemu halii. Familia inazika, inakaa matanga, inarudi kazini. Nani ataacha kazi aende biro kuomba akti ya kifo? Ni wachache, wenye mirathi ao pansheni ya kufuatilia. Wengine tunasema: itamfaa nini sasa?

Haitamfaa yeye. Itatufaa sisi tuliobaki. Angalieni kolera. Hapa Uvira ni mgeni anayejua njia ya nyumba. Maji ya bomba yakikosa tunachota ziwani ao Mulongwe ao Kalimabenge, naye anaingia. Mgonjwa akifikishwa kwenye kituo cha kolera cha hospitali, anaandikwa, akipona anaandikwa, akifa anaandikwa. Lakini aliyefia nyumbani usiku kule Kasenga, ao ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa, nani amemwandika? Ametoka duniani kama mtu ambaye hakuingia.

Mwalimu wetu wa biolojia alitusimulia habari ya London, mwaka 1854. Kolera iliingia mtaa wa Soho na kuua zaidi ya watu 600. Siku zile wakubwa wengi waliamini kolera inaletwa na hewa mbaya. Munganga mmoja, John Snow, hakuamini hivyo. Hakuwa na mashini kubwa. Alikwenda kwenye biro ya serikali iliyokuwa ikiandika vifo vya Uingereza tangu 1837, akaomba orodha ya waliokufa kwa kolera mtaa ule juma lile. Akapewa majina 83 na pahali walipokaa. Akatembea nyumba kwa nyumba na orodha mkononi. Akaona karibu wote walikuwa jirani ya pompi moja ya maji, ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pompi ile uling'olewa. (Mwalimu aliongeza kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupunguka. Tunaandika na hilo, tusije tukasema uongo.) Sisi kilichotushangaza si pompi. Ni kwamba orodha ilikuwako. Angekuja John Snow leo Uvira, aombe majina na avenyi za wote waliokufa juma lililopita, angepewa karatasi gani?

Mambo mengine mawili ya kwetu tunayakumbuka. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kamio la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu miili haikuweza kutambulikana. Halafu usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilitoka katika njia yake, na sisi tulioikimbia tukiwa watoto tunajua sauti yake. Hesabu za waliokufa tulizosikia siku zile hazikufanana. Kila mkubwa alikuwa na yake. Ni kwa sababu gani? Ni kwa sababu huwezi kujua nani amekosekana kama haukuandika nani alikuwako. Vitabu hivi viwili ni kimoja. Cha kuzaliwa kikiwa na matundu, cha kufa nacho kitavuja.

Tena kuna jambo la aibu, lakini tutalisema. Kifo kisichoandikwa sababu hakibaki bila sababu. Midomo ya watu inaandika. Kijana alikuwa mzima jana, leo amekufa: «ni sumu.» Mtoto amekufa kwa homa: «ni yule mama mzee wa pale chini.» Katika jimba letu la Kivu ya Kusini mama wazee wameuawa kwa maneno ya namna hii. Hatusemi kwamba akti ya kifo ingemaliza kila uvumi. Akti peke yake haisemi hata ugonjwa. Sherti munganga ao infirmiye atoe cheti. Na kwa aliyefia nyumbani, Shirika la Afya Ulimwenguni, ndiyo OMS, limetengeneza maswali ambayo mtu aliyefundishwa anaweza kuuliza familia: alikohoa? aliharisha? siku ngapi? alivimba miguu? Kwa majibu hayo wanakisia sababu. Kukisia kwa kuuliza maswali si sawa na kukisia kwa kunyoosha kidole.

Serikali nayo inafanya mipango gizani. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi hii ilifanywa 1984, inchi ikiitwa Zaïre, na ilipata kama milioni 30. Wengi wa wazazi wetu walikuwa hawajazaliwa ao walikuwa wanatambaa. Tangu pale, kila mwaka wanachukua hesabu ya zamani na kuiongezea kidogo. Ndiyo maana unaweza kusikia katika raporo kwamba chanjo imepita 100 kwa 100! Watoto wanaochanjwa ni wengi kuliko watoto waliomo katika karatasi. Mwalimu wa hesabu angeweka nyekundu.

Kuna rafiki yetu mmoja katika kamati ya gazeti aliyekataa makala haya kwanza. Alisema: «Muko naomba orodha? Orodha iliishaua watu huku kwetu.» Hakusema uongo. Katika eneo hili swali la nani ni mwana-inchi na nani si mwana-inchi limemwaga damu nyingi, na mtu anayeogopa kitabu chenye jina lake na la papa yake si mjinga. Tulibishana mpaka kengele. Hatukumshinda kabisa. Tulimjibu tu kwamba asiyeandikwa naye hakuponywa na kutokuandikwa. Alipofukuzwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alizaliwa pale. Katika Biblia, Ezra sura ya 2, wako waliorudi kutoka uhamishoni wakatafuta majina yao katika kitabu cha ukoo, hawakuyaona, wakaondolewa katika kazi ya ukuhani. Yeye akasema hilo ndilo linalomwogopesha. Basi tumeandika na maneno yake.

Inafaa kazi hii ifanywe namna gani? Tanzania, ng'ambo ya ziwa, walianza mwaka 2013 katika mkoa wa Mbeya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 5 pale pale kwenye kituo cha afya na kwenye biro ya kata, bure, habari zikitumwa kwa simu. Hawakungoja mzazi apande mlima. Sisi tuna maternite, tuna chifu wa avenyi, tuna nyumba kumi. Kwa nini karatasi ya maternite isipelekwe biro na maternite yenyewe, kila mwisho wa juma?

Na kanisa? Sisi Waprotestanti hatubatizi vitoto vichanga, tunaviombea mbele ya kanisa. Siku ile pasta angeuliza, mbele ya kushika mtoto: akti iko wapi? Na kwenye mazishi tuko na desturi nzuri ambayo tunaipoteza bure. Kila marehemu anasomewa historia yake kaburini: alizaliwa hapa, mwaka huu, alisoma pale, alioa, alizaa watoto hawa, aligonjwa siku kadhaa, akafariki. Karibu yote ambayo biro ingeuliza yamo. Tunasikiliza, tunalia, kisha aliyesoma anakunja karatasi, anaitia mfukoni, na shati linakwenda kufuliwa. Tunaomba wapasta watengeneze nakala mbili, moja ibaki kwa familia, moja ipelekwe biro na ndugu wa marehemu.

Kwa upande wetu tumeanza na jambo dogo. Mke wa sentineli wa shule yetu amejifungua msichana, leo ni siku 14. Tulimwuliza papa wa mtoto kama ameandikisha. Akasema anangojea feza. Tulimwambia ni bure, akatutazama kama watu wasioijua dunia. Zinabaki siku 76. Siku ya Tano nyuma ya masomo wawili wetu tutamsindikiza, na karatasi ya maternite, na karte yake ya uchaguzi, na Kodi ya Familia ambayo mwalimu wa sivike ametuazima. Kama wataomba ya kalamu, tutakuwa na kalamu yetu.

Kwa jina la kalasi ya 4 humanite,
Kapita wa wanafunzi