Maiti Anajengewa, Sisi Tunalipa Kodi

"Sisi tukiwa na umri wako tulikuwa tushajenga."

Kama ulizaliwa Bungoma ama Trans Nzoia baada ya 1990, sentensi hiyo unaijua kwa moyo. Umeambiwa matangani, umeambiwa kwenye harusi, umeambiwa ukiwa umeshika sahani ya ugali, na baba mdogo ambaye hajawahi kukuuliza unalipa kodi pesa ngapi. Mara nyingi inakuja na mkia: vijana wa siku hizi pesa yenu yote inaishia kwa bando, viatu na chipsi. Watu wanacheka, na wewe unacheka, kwa sababu ndiyo heshima.

Mimi nimechoka kucheka. Nina miaka ishirini na saba, naishi kwa vibarua vya kuandika, chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na nakaa bedsita hapa Kitale kwa shilingi 6,500 kwa mwezi, maji na stima kando. Nataka kuijibu sentensi hiyo kwa hesabu, maana wanaoisema huisema kana kwamba wamepiga hesabu.

Tuanze na Kuka, baba ya baba yangu. Katikati ya miaka ya sitini alipata ekari kumi na tano Tongaren. Hakuzitoa kwa broka. Zilikuwa sehemu ya shamba la mzungu, na mzungu alikuwa anafunga virago. Kuanzia 1962 serikali ilinunua mashamba ya walowezi, kwa pesa zilizotoka hasa Uingereza na Benki ya Dunia, ikayakata vipande na kuwapa Waafrika katika ule mpango wa ekari milioni moja. Aliyepewa alitoa kiasi kidogo mwanzo, na kilichobaki kikawa mkopo wa kulipwa kwa miaka thelathini. Miaka thelathini, wasee! Wengi walichelewa kulipa, madeni yakarundikana, na bado wengi wao walibaki shambani mwao.

Simdharau Kuka. Alifyeka, akalima kwa ng'ombe, akavuna mahindi, akasomesha watoto. Bidii ilikuwepo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuombwa bidii alipewa mahali pa kusimama, na aliyempa ni serikali, kwa masharti ambayo leo nikiyaomba benki yoyote hapa mjini askari wa mlangoni ndiye atakayenijibu. Tena waliokuwa wakigawana nchi hawakuwa wengi. Sensa ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6 Kenya nzima. Ile ya 2019 ilihesabu milioni 47.5, na Bungoma peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.6.

Sasa hesabu yangu. Broka mmoja aliniambia bei ya ploti ya hamsini kwa mia, ile nusu ya robo ekari, nje kidogo ya Kitale, mahali ambapo mvua ikinyesha boda anakushusha utembee: laki saba. Mwezi mzuri naingiza 30,000. Nikitoa kodi, chakula, nauli, bando (ambalo ndilo jembe langu, Baba Mdogo) na kile ninachotuma nyumbani, nikijibana kabisa nabaki na 5,000. Laki saba gawanya kwa elfu tano ni miezi 140. Hiyo ni miaka kumi na moja na miezi minane, bila kuugua, bila mteja kuniruka, na bei ya ploti iwe imelala usingizi muda huo wote. Hapo sijanunua jiwe hata moja. Na katika miezi hiyo 140 landlodi wangu atakuwa amepokea laki tisa na elfu kumi kutoka kwangu. Nitakuwa nimemaliza kulipia ploti ya mtu mwingine kabla sijapata yangu.

Kopa basi, wanasema. Kwa nani? Kwa miaka kadhaa sasa mikopo ya kununua nyumba katika mabenki yote ya Kenya, ukiijumlisha, imekuwa ikicheza karibu na elfu thelathini. Nchi ya watu zaidi ya milioni hamsini. Hicho ni kichochoro cha wenye mishahara minono, na mlangoni wanauliza karatasi ya mshahara.

Halafu kuna hizi nyumba za bei nafuu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianza kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa mtu, na mwajiri akaambiwa aongeze kiasi hicho hicho. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema makato hayo yanaenda kinyume na Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba yaliwabagua wenye ajira rasmi. Machi 2024 yakarudi kwa sheria mpya, na safari hii hata sisi wa vibarua tumo ndani. Rafiki yangu anafundisha shule ya kibinafsi Bungoma, analipwa 30,000, anakatwa 450 kila mwezi. Anakaa chumba kimoja Kanduyi, choo cha nje, milango sita inagombania bomba moja. Nilimuuliza kama anatarajia kupata nyumba kwenye zile gorofa. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa atapanda ndege gani.

Sina chuki na gorofa. Ila huku kwetu hakuna mtu wa kawaida niliyemwona akipata nyumba kwa kununua iliyokamilika. Watu hujenga kidogo kidogo: chumba kimoja, mabati, mwaka unapita, simiti ya sakafu, mwaka unapita, madirisha. Kwa hivyo kitu tunachohitaji ni kiwanja kilichopimwa, chenye maji na njia ya kupita, chenye hati, kwa mkopo mrefu usiouliza karatasi ya mshahara. Yaani kile kile alichopewa Kuka, lakini kidogo zaidi. Na usiniambie ardhi imekwisha. Trans Nzoia bado kuna mashamba makubwa chini ya ADC, shirika la serikali lililoundwa 1965. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi za ADC zilivyogawiwa watu wenye vyeo na marafiki zao. Hao sidhani waliulizwa wanaweka akiba kiasi gani kwa mwezi. Ekari mia moja tu, ukitoa barabara na mahali pa shule, zinaweza kutoa ploti kama mia sita za hamsini kwa mia. Mia moja tu.

Niseme pia kwamba si kila mzee alipata. Kipsongo, hapa hapa Kitale, kuna waliozeekea kwenye vibanda. Na Webuye, kiwanda cha Pan Paper kilipofungwa 2009, wanaume wa rika la baba yangu walirudi vijijini na magodoro juu ya matatu. Ugomvi wangu ni na wale waliopata, wakafunga mlango, sasa wanatucheka kwa kulala nje.

Kuisema serikali ni rahisi. Twende nyumbani.

Taito ya ekari zile za Tongaren bado ina jina la Kuka. Kuka alifariki 2003. Aliacha watoto tisa, wa kiume watano na wa kike wanne, na sisi wajukuu ni thelathini na mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyefungua kesi ya mirathi. Nimeuliza inavyokwenda: barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, fomu mahakamani, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na siku thelathini za kungoja mwenye pingamizi, miezi sita, kisha mahakama inathibitisha, kisha bodi ya ardhi, saveya na taito mpya. Inachosha, ndiyo, na inakula pesa. Lakini miaka ishirini na miwili?

Kila mmoja wa baba zangu analima kipande alichoonyeshwa kwa mdomo. Ukiomba mahali pa kujenga unaambiwa "bado hatujagawana." Lakini nusu ekari iliyopakana na barabara iliuzwa, kwa karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwa mkono, kwa mtu wa mbali aliyekuja na pesa taslimu. Kumbe kugawana kunawezekana.

Utasikia, si una esimba? Ndiyo, nilijenga esimba 2012, mwaka wangu wa tohara, nikiwa na miaka kumi na minne, kwa udongo na mabati kumi na mawili. Kila Mbukusu anajua esimba ni ya mvulana. Mtu mwenye familia huonyeshwa mahali pake. Hiyo ni mila yao, sikuibuni mimi. Mimi ninaidai tu.

Na sasa niseme kitu kilichonifanya niandike haya. Mwaka jana binamu yangu alifariki Nairobi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi wa stima, mke na watoto wawili, nyumba ya kukodi. Kwa miaka miwili alikuwa akirudi Tongaren kila Desemba na swali lile lile: nijenge wapi? Alishanunua milango miwili ya chuma, ikawekwa ghala la mahindi, ikaanza kushika kutu. Jibu lilikuwa ngoja wakubwa wakae. Alipofariki wakubwa walikaa usiku huo huo. Mwanamume mwenye watoto hazikwi bila nyumba, ni mwiko. Jumatano wakachanga pesa. Alhamisi asubuhi wakatembea shambani, wakapima kwa hatua, wakapiga kigingi: hapa. Hakuna aliyesema bado hatujagawana. Vijana tukachimba mashimo, miti ikaja, mabati yakaja, udongo ukakandwa, na Ijumaa jioni jeneza likalazwa mbele ya nyumba ya chumba kimoja yenye mlango wa chuma. Mmoja wa ile miwili yake.

Siku tatu. Mnaweza kutafuta ardhi, pesa na mafundi ndani ya siku tatu. Mjane wake hakulala mle hata wiki. Alirudi kwenye nyumba ya kukodi kwa sababu watoto wako shule, na mabati yale mtu ameshayang'oa akafunikia zizi.

Sisemi tuache mila. Nasema kama kigingi kinaweza kupigwa kwa ajili ya maiti, kingepigwa kwa ajili ya yule aliyekuwa akiuliza kila Desemba.

Dada yangu naye hata maiti hatajengewa. Anauza mitumba Bungoma mjini, na paa la nyumba ya wazazi wetu alilibadilisha yeye, kila bati, kwa Lipa Mdogo Mdogo ya duka moja la vifaa. Akiuliza habari ya ploti anaambiwa kwao ni atakakoolewa. Ana miaka thelathini na moja na haolewi wiki hii. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haitenganishi mtoto wa kiume na wa kike. Katiba ya 2010 nayo inakataa ubaguzi huo. Mzee atakuambia hiyo ni sheria ya Nairobi. Sawa, lakini taito anayoificha chini ya godoro nayo ilitoka serikalini.

Najua hofu yao, na si ya kijinga. Wanasema tukipewa tutauza, tununue pikipiki, kisha turudi mikono mitupu. Wapo waliofanya hivyo, nawajua kwa majina. Lakini ile nusu ekari ya barabarani haikuuzwa na kijana. Na hofu ya pili ina uzito zaidi: ekari kumi na nne na nusu kwa wajukuu thelathini na mmoja haifiki hata nusu ekari kwa mtu, na hapo hakuna tena mahindi, kuna ua za michongoma tu zinazotazamana. Kweli. Mimi silitaki shamba. Nusu ekari ni karibu ploti nne, na mimi nahitaji moja.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Tutenge ekari tatu upande wa barabara, tuzipime ploti za hamsini kwa mia. Tukiacha njia tutapata ishirini hivi, na si wote thelathini na mmoja wanaotaka kurudi Tongaren. Ploti ziandikwe kwa majina, wasichana wakiwemo, na sharti kwamba hakuna kuuza kwa mtu wa nje bila ukoo kukubali. Ekari kumi na moja na nusu zibaki za mahindi, zilimwe pamoja ama zikodishwe. (Siongei habari ya vijiji vya ujamaa, Baba Mkubwa, tulia.) Bomba moja la maji, laini moja ya stima, badala ya kila mtu kuvuta nguzo zake hadi katikati ya shamba.

Agosti 2026 ni msimu wa tohara tena. Binamu zangu wawili watatahiriwa na watataka mahali pa kujenga esimba, na baada ya miaka kumi watauliza swali la fundi wa stima.

Barua ya chifu nimeshaanza kuishughulikia. Inataka majina ya watoto wote wa marehemu. Nimeandika tisa, na Senge zangu wanne wamo, kwa majina yao kamili na nambari za vitambulisho. Watatu wameshatia sahihi. Desemba nitakuja nayo, na kalamu.