Kiazi cha Mapande si Ushamba

Mwulize mwanafunzi ni chakula gani atakacho siku ya sherehe, na aghalabu atakujibu: chipsi. Mwandalie viazi vilivyopikwa na maganda yake, vikiwa mapande manene, naye atacheka na kukuambia kuwa hicho ni chakula cha kishamba. Neno hilo ndilo linikeralo. Limezaliwa na shamba, mahali panapotulisha sote, lakini vinywani mwetu limegeuka tusi. Tusi hilo latugharimu fedha na lishe, hasa sisi tulio huku Muhoroni.

Uwanda huu wetu ni wa joto na miwa; kiazi hakiupendi. Lakini ukiifuata reli ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, ukapanda nayo kupitia Koru na Fort Ternan hadi Kipkelion na Londiani, utazikuta nyanda za baridi ambako kiazi hustawi. Aina iliyoenea zaidi nchini ni Shangi, kiazi chepesi kuiva, chenye macho yaliyozama. Anayekimenya kiazi kama hicho mpaka kiwe laini mithili ya yai hutupa jalalani sehemu ya fedha zake. Na vile vidogo, mwenye kibanda cha chipsi havitaki kamwe, maana havitoi vijiti virefu.

Mnamo Januari 2022, mikahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa na chipsi kwa kuwa viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka ng'ambo na shehena ilichelewa. Wakenya walighadhibika, na walikuwa na haki: kiazi ndicho zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Hata hivyo, yafaa tujiulize iwapo sisi wenyewe, jikoni mwetu, hatukidharau kiazi kisicho na umbo la kupendeza.

Kiswahili chenyewe hakina aibu hiyo. Kipande ni kidogo, pande ni kubwa. Mpishi akisema "kata mapande", amekwisha kutoa maagizo yote kuhusu ukubwa kwa kubadili ngeli tu.

Basi, tuingie jikoni. Twaa viazi vidogo, uvisugue vizuri kwa maji. Ondoa machipukizi na kila sehemu iliyogeuka kijani, maana ina sumu. Kiazi kilichoenea ukijani ukitupe. Vilivyo vikubwa vikate mapande, vidogo viache vizima. Ganda lina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, na kiazi kikichemshwa nalo hakipotezi sana vitamini majini. Vitie katika maji baridi yenye chumvi, ndipo ubandike. Ukivitia katika maji yanayotokota, nje huvurugika kabla ya ndani kuiva, na Shangi haina subira. Si wakati wa kwenda kupiga soga kwa jirani. Uma ukianza kupenya, mwaga maji, uviache vikauke kwa mvuke wake wenyewe. Kisha bonyeza kila kimoja kwa kitako cha kikombe mpaka kipasuke, bila kukiponda. Nyufa hizo na kingo zilizochanika ndizo zinazoshika mafuta na kufanya ukoko. Kiazi kilichochongwa kikawa laini hakina pa kuyashikia. Vijiko viwili au vitatu vya mafuta vyatosha, pamoja na kitunguu saumu kilichotwangwa na dania. Funika sufuria, uweke makaa juu ya kifuniko. Kazi hiyo huitwa kupalilia, na ni kitenzi kile kile cha mkulima wa Londiani akusanyapo udongo kwenye mashina ya viazi vyake. Kiazi hupaliliwa mara mbili, shambani na jikoni.

Wapo watakaopinga kwamba kwa mla ugali kiazi si kitoweo, bali ni wanga juu ya wanga. Nakubaliana nao. Ugali na upumzike jioni moja, kiazi kikae kando ya ngege au omena, na osuga isikosekane.

Walimu wa Kiswahili, ambao kila mwaka mnafundisha sajili, mbona hii ya jikoni tunaipitia haraka hivyo? Mtaala wa umilisi unataka wazazi washirikishwe katika masomo ya watoto wao. Hakuna mzazi asiyeweza kushiriki katika somo hili. Mwanafunzi na apike nyumbani, aandike kila kitenzi atakachokisikia: bandika, ipua, geuza, palilia, kwangua. Kesho yake aulizwe jina la kile kilichogandia chini ya sufuria kikawa cha kahawia. Mmoja atasema ukoko, mwingine matandu, wa tatu atakuja na neno la lugha ya mama yake. Yote yaandikwe ubaoni. Na asiyejua jina lolote arudi nyumbani akakwangue sufuria kwanza, kabla haijaoshwa.