Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Uwanja Uko Wapi?

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga wetu. Leo, wasomaji, nina swali juu ya methali hiyo: asiyepewa uwanja kwao atacheza wapi, na nani atamtunza?

Mwezi wa Agosti 2025, jumba la michezo la Delacorte, lililo wazi katika bustani ya Central Park huko New York, lilifunguliwa tena baada ya matengenezo. Mchezo ulioonyeshwa ni Twelfth Night wa Shakespeare, ukiongozwa na Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Bibi Lupita Nyong'o alikuwa Viola, na nduguye wa tumbo moja, Junior, akawa Sebastian. Hao ni pacha waliotenganishwa na dhoruba ya bahari, kila mmoja akidhani mwenziwe amekufa maji. Na baadhi ya maneno yao waliyasema kwa Kiswahili, mbele ya Wamarekani.

Sisi wa Likoni hatuhitaji kufasiriwa kisa hicho. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu zaidi ya 200. Anayemngoja ndugu ufukweni huomba kwa lugha aliyonyonya nayo. Lugha hiyo ni yetu, lakini walioipandisha jukwaani si sisi.

Bibi huyu hakuzuka kama uyoga. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, akalelewa Nairobi. Alikuwa na miaka 14 tu alipocheza Juliet na kundi la Phoenix Players la huko huko Nairobi. Mwaka 2009 alionekana katika Shuga, mchezo wa televisheni juu ya vijana na UKIMWI. Akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu 2012. Mwaka 2014 alipata Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave, na 2016 akacheza Broadway katika Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira juu ya wanawake wa Liberia vitani. Lakini kabla ya yote hayo, palikuwa na jukwaa dogo la nyumbani.

Je, binti wa Kisauni, Likoni au Changamwe ana jukwaa gani? Jumba tulijualo, Little Theatre Club, liko kisiwani. Mchezo ukiisha usiku, mzazi gani atapenda bintiye apange foleni ya feri?

Najua wazee wenzangu wataniuliza: "Wataka binti zetu wawe wacheza senema?" La. Mengi ya senema za Marekani hayatufai, na mipaka yetu tuliisoma tangu chuoni. Lakini kuigiza si lazima kuwe utovu wa haya. Mama zetu wa Mombasa walicheza lelemama na vugo, wakatunga na kujibizana kwa mafumbo, na stara yao haikupungua.

Binti mmoja jirani yangu alichaguliwa na walimu wake kucheza katika mashindano ya michezo ya shule. Babaake akakataa. Nilimwuliza mchezo wahusu nini. Hakujua. Tulipomwita binti atueleze, alisema ni kisa cha yatima aliyedhulumiwa urithi na ami yake. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hayo si ndiyo tunayohutubiwa kila Ijumaa?" Kwa bahati mbaya nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine.

Basi nasema hivi: tuulize kwanza, ndipo tukataze. Kumbi za shule za huku bara zifunguliwe baada ya alasiri, michezo iishe kabla ya magharibi, na mama wakae safu ya mbele. Watunzi wetu nao waandike visa vya kwetu, visivyomvunjia mtu heshima. Redio iwape sauti wale wasiotaka kuonekana sura.

Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuwatunza wacheza wa kwa watu, na wetu watazeeka bila ya kucheza.