Mnara wa Scott na Haki ya Seremala

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale wasemao ya kwamba mnara wa Scott, uliomo mjini Edinburgh katika nchi ya Uskoti, si kitu ila ncha ya kanisa isiyo na kanisa, na ya kwamba aliyeubuni alikuwa seremala tu, mwigaji wa kazi za wengine. Neno la kwanza si geni: Charles Dickens aliunena vibaya mnara huo kwa namna hiyo mwaka 1847. Walakini neno kutoka kinywani mwa mtu mkubwa halithibitishi kuwa ni kweli.

Na tulitazame jengo lenyewe. Ncha ya kanisa huketi juu ya kuta nzito. Mnara huu wa Kigothi wapita futi 200 kwenda juu, nao chini u wazi pande zote nne. Wasimama juu ya matao makubwa, na katika kila pembe pana mnara mdogo wa kuuegemeza, ulioungwa na mwili wa kati kwa tao. Kwa hiyo katikati pamepatikana nafasi, na hapo ndipo ilipowekwa sanamu ya marumaru ya Sir Walter Scott, ameketi na mbwa wake, kazi ya John Steell. Katika vishubaka vya juu wamesimama watu wa hadithi zake. Ncha gani ya kanisa iliyojengwa ili kumtunza mwandishi chini yake?

Ama huyo seremala, jina lake George Meikle Kemp. Alizaliwa mwaka 1795, mwana wa mchungaji wa kondoo. Alisafiri Uingereza na Ufaransa kuyachunguza makanisa ya kale, na mengi aliyapata katika magofu ya Melrose kwao Uskoti. Mashindano yalipotangazwa mwaka 1836, alipeleka mchoro wake kwa jina la John Morvo, fundi wa mawe wa zamani akumbukwaye Melrose, akawa mmoja wa washindi watatu. Alipoutengeneza upya, kamati iliuchagua mwaka 1838. Wenye shaka wakauliza kama kazi ya mtu kama huyo itasimama. William Burn, msanifu mwenye sifa, akashuhudia ya kuwa ujenzi wake ni thabiti. Wamwitao mwigaji na watuonyeshe huko Melrose mnara kama huu. Hawatauona. Kujifunza kwa wazee si wizi.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 15 Agosti 1840. Kemp hakuuona mwisho wake: tarehe 6 Machi 1844 alikufa maji katika mfereji, akienda kwake usiku. Mwaka huo huo mnara ukaisha, na mwanawe ndiye aliyeliweka jiwe la juu kabisa.

Sisi tushikao kalamu maofisini twazijua hukumu za namna hii: mtu huulizwa cheti kabla ya kuulizwa kazi. Vidato 287 vya mnara ule vimekwisha kujibu. Asiyependa umbo lake na aseme hivyo, ni ruhusa yake. Lakini asimdharau fundi kwa sababu ya randa yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ndimi,
Mwanachama